Fundi katoboa bumu la mashua yangu ya barafuni, anasema "iko ndani ya kanuni". Kifungu kiko wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu anipoze.

Kwa wasioujua mchezo huu: huku Michigan, Ziwa St. Clair likiganda, tunapanda mashua za daraja la DN. Mwili mwembamba wa futi 12, vyuma vitatu vya kutelezea, mlingoti, na tanga la futi za mraba 60. DN ni Detroit News, lile gazeti. Mashua hii ilibuniwa kwenye karakana yao majira ya baridi ya 1936 na 1937 ili mtu wa kawaida aweze kujiundia nyumbani. Upepo ukikaa sawa inapita kilomita 100 kwa saa. Hakuna breki ya kukanyaga ukiwa kwenye mwendo huo: unalegeza demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, unaielekeza mashua kwenye upepo, basi.

Kwa hiyo demani ndiyo uhai wako. Nayo inapita kwenye kapi zilizoning'inia chini ya bumu, ule mti unaoshika tanga kwa chini, na kapi nyingine zilizofungwa kwenye mwili wa mashua.

Nikampelekea fundi mmoja anayejitangaza kuwa mtaalamu wa DN bumu langu la mbao ya sprusi afunge kapi. Amefanya nini? Kapiga matundu ya bolti kutoka juu hadi chini, katikati kabisa ya bumu! Jamani! Pembe ya nyuma ya tanga inavuta ncha moja kwenda juu, mlingoti umeshika ncha nyingine, demani inavuta katikati kwenda chini. Ni kama kuni unayoivunja kwenye goti. Upande wa chini ndio nyuzi za mbao zinapovutwa kuliko popote, na yeye ndipo alipozikata. Ufa umeshaanza kwenye tundu la kwanza, nauona kwa macho.

Wanaojua kazi wanazungushia bumu mkanda au kitanzi cha daineema, kamba nyembamba ya nyuzi ngumu sana, wanaweka kizuizi kidogo kisiteleze, kapi inaning'inia hapo. Hakuna tundu. Tena wanazitawanya kapi ili mzigo usikae sehemu moja, na wanazipanga zipishane na zile za chini ili kamba ipite imenyooka. Zangu zinatazamana uso kwa uso. Upepo ukikaza mlingoti unapinda sana, bumu linashuka, kapi ya juu inagonga ya chini, na hapo huwezi kukaza tena hata inchi moja. Halafu kazijaza grisi nzito! Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri grisi hiyo inaganda, kapi inakataa kuzunguka, kamba inakwama. Nani atailegeza ukiwa kwenye mwendo?

Lakini kilichonichoma zaidi ni jibu lake. Nilimwomba anionyeshe kifungu cha kanuni kinachoruhusu alivyofanya. Akanijibu, "Kila mtu anafanya hivi." Hilo si jibu. Chama cha kimataifa cha DN kimeweka vipimo rasmi wazi, pamoja na tafsiri zake, mtu yeyote anasoma. Anayechukua hela za watu kwa jina la kanuni azisome, na pale asipoelewa aulize kwa maandishi kabla ya kushika keekee. Daraja hili liliundwa kwa ajili ya watu wasio na fedha za kuchezea. Kumuuzia mtu wa namna hiyo bumu bovu na kulipamba kwa neno "kanuni" ni wizi.

Nimemwandikia leo: arudishe hela yangu yote, pamoja na bei ya mbao, au aniundie bumu jipya lisilo na tundu hata moja. Nikipata jibu nitalibandika hapa hapa. Na wewe uliyelipia bumu kwa fundi wa aina hii, ligeuze sasa hivi uangalie upande wa chini, kabla hujaingia barafuni.