Naomba ushauri: kulinganisha mtindo wa hotuba na wa makala

Habari zenu wakuu. Nina kazi ya kulinganisha hotuba iliyorekodiwa na makala ya msemaji huyohuyo, mada moja. Makala hainisumbui: takriri, maswali ya balagha, urefu wa sentensi, vyote vinaonekana. Kinachonitatiza ni hotuba. Nikinukuu kila "eeh", kila kusita na kila sentensi iliyokatika njiani, ukurasa unakuwa vurugu. Nikisafisha, naona kama nafuta mtindo wenyewe ninaopaswa kuuchambua. Alama za unukuzi (kuandika sauti iliyorekodiwa) za Gail Jefferson, mtafiti wa mazungumzo, nazijua, huonyesha hata urefu wa kimya, ila zilibuniwa kwa mazungumzo na kwa mtu mmoja naona zinazidi mahitaji.

Jingine ni msongamano wa maneno yenye maana (nomino, vitenzi na kadhalika, si maneno ya kisarufi tu), ambao mwanaisimu Halliday aliuona kuwa mkubwa zaidi kwenye maandishi. Nikiyagawanya kwa jumla ya maneno yote, Kiswahili kinatoka kizito hata kikizungumzwa, maana viambishi vimo ndani ya neno: "walichokiandika" ni neno moja tu! Naelekea kuhesabu kwa kishazi. Je, vishazi rejeshi kama hicho cha "walichokiandika" mnavihesabu peke yake, au pamoja na kishazi kikuu? Na unukuzi mngeuacha mbichi kiasi gani?