Zawadi ya kumshonea baba: anayeanza cherehani aanzie wapi?

UziMweupe

Habari za humu wadau. Naomba ushauri wa zawadi ya kumshonea baba kwa Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya Juni. Cherehani ni ile nyeusi ya kukanyaga, inapiga mshono ulionyooka tu. Zigizaga haina, ovaloki ya kufunga kingo zisifumuke sina. Kupinda pindo naweza, zipu na kola bado. Mzee ni mtu wa spana na bisibisi, na wageni wakija ndiye anayesimama kwenye jiko la nyama choma. Nilifikiria tai au shati la kitenge. Mnasemaje, na vipimo vikoje?

Bitana

Tai na shati viache kwanza. Tai hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa hivyo kinavutika ukikigusa tu; kikihama kidogo, tai nzima inajisokota shingoni. Shati lina kola, na kola umesema bado.

Mshonee mkoba wa spana wa kuviringisha. Yote ni mistari iliyonyooka na kingo zote zinafichwa ndani, kwa hiyo ovaloki huihitaji.

Kata vipande vitatu vya sm 52 kwa 36: jinzi au turubai jepesi kwa nje, kitambaa cha pamba kwa bitana, yaani upande wa ndani, na jinzi nyepesi kwa vijifuko. Mkanda sm 90, upana sm 2.5. Sindano namba 16, uzi wa poliesta, hatua ya mshono milimeta 3.

Kipande cha vijifuko kikunje katikati kiwe sm 52 kwa 18, kipige pasi, kisha piga mshono mmoja karibu na mkunjo. Hapo ndipo mkono wa mzee utakapokuwa unavuta kila siku. Kilaze juu ya uso wa bitana, ukingo wa chini ulingane na ukingo wa chini, mkunjo uangalie juu. Pande zote punguza sm 1 ya mshono, ubaki na sm 50. Acha nyingine 1 kila upande, zinabaki 48: mifuko minane ya sm 6. Chora kwa chaki na rula, anza mshono chini kwenda juu, na ukifika mdomoni rudisha nyuma mara mbili.

Wengi wanaharibu hapa: wanapima upana wa bisibisi kwa macho. Mpini ni wa duara. Zungusha futi kwenye mpini, gawanya kwa mbili, ongeza sm 1. Mpini wenye unene wa sm 3 una mzunguko wa kama 9.4, nusu yake 4.7, kwa hiyo kijifuko kisipungue 5.7. Ukikipa sm 4 hautaingia kabisa.

Sasa mkanda. Ukunje katikati, weka mkunjo ukingoni mwa bitana upande mmoja, sm 13 kutoka chini, ncha zote mbili ziangalie ndani, uzibane na pini zisije zikanaswa na mshono. Laza kipande cha nje juu, uso kwa uso. Shona kuzunguka pote kwa sm 1, uache upenyo wa sm 10 ukingo wa juu. Kata pembe mshazari bila kugusa mshono, geuza, chokonoa pembe kwa penseli butu, piga pasi, kisha zungusha mshono wa mwisho milimeta 3 kutoka ukingoni. Huo ndio unaofunga upenyo.

Ukiisha una kama sm 34 kwenda juu. Sm 8 za juu zikunje ziwe kifuniko, ndipo spana hazidondoki zikining'inizwa. Kifaa kisizidi sm 24.

ChakiNaRula

Nakubaliana na Bitana, naongeza la jinzi. Huna haja ya kununua mpya. Suruali ya mitumba ya mtu mnene inatosha. Fumua mshono wa ndani ya mguu, kipimo cha sm 52 kilale kwa urefu wa mguu. Angalia mambo mawili. Goti mara nyingi limekwisha, ukiliinua kwenye mwanga unaona. Pili, ivute kwa upana: ikirudi kama lastiki, achana nayo, maana mistari ya vijifuko itajikunja yote.

Na mshono mnene wa ule mguu usiuache uangukie ukingoni. Kwenye pembe ya chini utakuwa na matabaka manne, ukijumlisha na ule mshono sindano inavunjika. Penye mkanda acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono hatua moja moja. Mguu wa cherehani ukipanda kimgongo na kukataa kusogea, sukumia kitambaa kilichokunjwa nyuma yake ili ukae sawa. Tatizo ni kwamba umeinama, meno ya chini yanayovuta kitambaa hayashiki.

MkaaWaMoto

Kama anasimama kwenye jiko, aproni. Ni rahisi kuliko mkoba, ila ina mtego mmoja.

Mita 1 ya jinzi yenye upana wa sm 150 inatosha na kubaki. Kata sm 70 kwa 85. Kwenye ukingo wa juu pima sm 20 kutoka kila pembe, pembeni shuka sm 25, unganisha alama mbili kwa mstari ulionyooka na ukate. Kifua kinabaki sm 30, ukishapinda sm 2 kila upande kinakuwa 26. Vitabu vingi huchora pale pa kwapa kama mwezi. Kwa anayeanza, pindo la mviringo hujaa mikunjo. Mstari mnyoofu unapindika vizuri zaidi.

Mtego wenyewe: huo mstari ni wa mshazari, kwa hiyo unavutika. Kabla hujaupinda, piga mshono mmoja sm 0.5 kutoka ukingoni, bila kuuvuta. Ndipo upinde sm 1 na tena sm 1. Pinda kwapa kwanza, halafu juu, pembeni na chini mwisho.

Mkanda sm 240: shingo 60, kiuno 90 kila upande. Uwe wa pamba, si nailoni, maana nailoni ikigusa jiko inayeyuka. Kitambaa hali kadhalika, poliesta hapana. Kujua, choma uzi mmoja: wa pamba unabaki majivu na harufu ya karatasi, wa poliesta unajikusanya kuwa kishanga kigumu.

Mfuko wa mbele sm 24 kwa 20. Kwenye pembe zake mbili za juu shona pembetatu ndogo, la sivyo koleo la nyama litaung'oa.

UziMweupe

Ahsanteni sana. Nimejaribu mistari kwenye kipande cha jinzi, chini uzi unakusanyika kama kiota cha ndege, juu uko sawa. Bobini ya uzi wa chini imeharibika? Na kama jinzi ikishindikana, kitenge kinafaa?

Bitana

Bobini iache. Uzi ukikusanyika chini, kosa huwa juu: uzi wa juu haujaingia kati ya visahani vya kukazia. Chomoa wote, inua mguu wa cherehani ndipo visahani viachie, pitisha upya, shusha mguu, kisha uvute kidogo: unapaswa kukataa. Ukianza mshono, shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu kwa hatua tatu nne za mwanzo.

Kitenge kwa bitana ni sawa kabisa. Kwa nje ni chepesi mno, ncha ya bisibisi itatoboa. Ukikitaka lazima, kata viwili na katikati uweke turubai. Kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana bitana ikisinyaa baada ya kushonwa na jinzi isisinyae, mkoba unajikunja kama karatasi iliyolowa.

Tamvua

Wazo la haraka kwa mwenye mzee wa pwani: kikoi chenye taulo. Kikoi cha sm 100 kwa 170, taulo la kuogea la sm 70 kwa 140. Taulo linakaa katikati, nyuma ya kikoi, linabakiza sm 15 pande zote. Tayari lina pindo, kwa hiyo hukati chochote. Fua vyote kwanza kwa maji ya moto, rangi ya kikoi ijitoe huko huko.

Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuzunguka taulo, pini peke yake hazitoshi. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini kuliko cha juu, usipokibana utafika pembe ya nne na ziada ya vidole viwili isiyo na pa kwenda. Sindano 14, hatua milimeta 3.5. Ukimaliza fungua sehemu ya bobini na usafishe kwa brashi, maana manyoya ya taulo hujaa humo na kazi inayofuata ndiyo itakayoruka mishono.