Majitaka ya kaya chache Kimbiji, tufanyeje?

Wakuu huku Kimbiji maji ya chini yako karibu mno, masika yakianza mashimo ya choo yanafurika na visima viko hapo hapo, naogopa sana kipindupindu kwa watoto. Kaya chache tunaweza kujenga mfumo mmoja?

JIBU: Mnaweza mkuu. Tanki la vyumba viwili kwanza, tope litulie chini, halafu maji yaingie kwenye bwawa la kokoto lililopandwa matete, bakteria wa kwenye kokoto na mizizi ndo wanasafisha, umeme hauhitajiki kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wameufanyia utafiti mfumo huu.

JIBU: Yale maji yanayotoka bwawani mwagieni migomba, mchicha hapana! Na chini ya bwawa tandikeni nailoni nzito, la sivyo yanarudi kisimani.

JIBU: Tope nalo litajaa tu, changeni hela ya gari la kunyonya mapema na muache njia lifike.