Fundi akiharibu gari kuukuu, hasara ibebwe na nani?

Mwenye 504, Nakuru:

Tujadili hili bila kutukanana. Tangu lije lile pendekezo la serikali la kukagua hata magari binafsi yaliyozidi miaka minne tangu yaundwe, hapa Section 58 gumzo ni gari la nani litapita na la nani litaishia kwa wanunuzi wa vyuma. Langu ni la 1982, kwa hiyo najua nimepangwa kundi gani. Swali langu ni jingine. Gari likaguliwe, sawa. Aliyelitengeneza ovyo wiki iliyopita anaulizwa na nani?

Nina Peugeot 504 saluni niliyoachiwa na baba. Mwezi wa pili lilichemsha nikipanda kutoka Kericho kwenda Londiani. Nikaegesha, nikangoja lipoe, nikaongeza maji, nikajikokota hadi Nakuru. Gereji wakasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu (hedi), na kweli ilikuwa gasketi. Hedi ikang'olewa, ikapelekwa kusawazishwa, ikachukua siku tatu. Katika siku hizo, kijana wa gereji alishika spana akawa anazungusha krenki, ule mhimili unaosukuma pistoni, ili zipande juu apate kuzisugua kaboni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikombe cha chai mkononi, nikamsifu moyoni kwa usafi.

Sikujua ninachokitazama. Injini ya 504 silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku. Zina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilizosimama peke yake, maji yamezizunguka, na hedi ndiyo inayozikandamiza kutoka juu. Hedi ikitoka lazima slivu zibanwe kwa vibati na bolti. Usipozibana ukazungusha krenki, pistoni inaziinua kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na gasketi ya chini haizibi tena. Wiki mbili baadaye nilichomoa kijiti cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Niliporudi jibu lilikuwa, "Mzee, gari ni kuukuu." Nilikuwa nimelipa 46,000. Sasa wanataka 60,000 nyingine za ovaholi, kufungua injini yote.

Msimamo wangu: fundi akifungua asichokijua akakiharibu, alipe. Uzee wa gari usiwe kichaka cha kujifichia. Hizi 504 zilishinda Safari Rally 1975 na 1978, si magari ya kuonewa huruma.

Fundi, Kisumu:

Pole, mzee wangu. Kuzungusha krenki bila kubana slivu ni kosa na sitalitetea. Nami nilichapwa konzi kwa kosa hilo hilo nikiwa mwanagenzi karibu na soko la Kibuye, na sijalirudia.

Lakini nikuulize. Siku ya kwanza, kabla hawajagusa bolti, ulilipa ngapi za kukupimia gari? Najua jibu. Hapa Kisumu mtu anakuja, nalala chini ya gari lake saa nzima, nachomoa plagi, nasikiliza, natembea nalo hadi Kondele na kurudi. Nikimwambia "tatizo ni hili" anasema asante fundi, nitakupigia. Hiyo saa moja sikulipwa hata ya soda. Fundi wa Kenya hapati kitu mpaka afungue. Ndiyo maana anafungua. Na nikisema "gari hili silijui", unavuka barabara kwa jirani yangu, yeye hajawahi kushindwa na kitu tangu azaliwe.

Halafu tuseme na haya: hiyo gasketi ya hedi uliinunua wewe au gereji? Maana wateja wa magari haya hutuletea spea walizookota wenyewe, nyingine zimekatwa kwa mkono, kisha zikivuja fundi ndiye mwizi.

Mwenye 504, Nakuru:

Gasketi walinunua wao. Na ya kupima sikulipa, hilo umenipata. Lakini kutolipwa ya kupima hakukupi ruhusa ya kuharibu.

Mwalimu, Kakamega:

Mimi naendesha Nissan B12, na ni mwanamke, kwa hiyo bei yangu hutajwa baada ya fundi kunitazama viatu. Nimejifunza kitu kimoja. Kabla ya kupeleka gari, natia tone la rangi ya kucha kwenye spea ninazozijua: pampu ya petroli, alteneta, stata. Nyekundu, mahali pasipoonekana haraka. Mwaka juzi niliambiwa alteneta imebadilishwa, 9,500. Nikainama na tochi ya simu, nikaikuta nyekundu yangu inanitazama. Nikadai niletewe ile kuukuu waliyotoa. Kijana akapotea dakika ishirini akaja na alteneta ya gari jingine kabisa, ina oili hadi kwenye waya. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha tu kidole changu, nilikuwa nimepaka rangi ile ile.

Kwa hiyo mimi sitaki kusikia habari ya gari kuukuu au jipya. Jirani yangu ana gari la juzi lenye kompyuta, na wamembadilishia sensa tatu kwa kubahatisha kwa sababu hakuna mwenye mashine ya kulisoma.

Karani, Kericho:

Niongeze la sheria kwa sababu watu hawalijui. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu kutengeneza magari. Mtengenezaji anatakiwa akupe makadirio kabla ya kazi, na asikutoze zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Spea alizotoa anatakiwa akupe ukizitaka. Mwalimu hapo juu alikuwa anatekeleza sheria bila kujua. Na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Mzee wa 504, una makadirio yaliyoandikwa? Risiti je?

Mwenye 504, Nakuru:

Nina ujumbe wa M-Pesa, basi. Pesa zilienda kwa namba ya mtu, si ya gereji.

Karani, Kericho:

Ujumbe ni ushahidi wa malipo. Hausemi ulilipia nini. Hapo ndipo wengi huangukia.

Fundi, Kisumu:

Na karatasi hizo mteja mwenyewe hazitaki! Nikiandika makadirio anaona namkazia. Akiona gereji ina kaunta na kitabu cha risiti anajua bei imepanda, anarudi chini ya mwembe.

Kijana, Nakuru Bondeni:

Samahani wazee, lakini mbona hakuna anayesema la wazi? Uzeni hayo magari. Nunua Toyota Probox, spea ziko kila kona, fundi yeyote anaijua hata usingizini. Mnatafuta gasketi ya gari ambalo Ufaransa waliacha kuunda saluni yake 1983, kisha mnalia fundi hajui. Atalijulia wapi? Na tusidanganyane, gari la miaka arobaini likikatika breki pale Salgaa, kwenye barabara ya ajali nyingi, haliui mwenyewe peke yake. Mimi naunga mkono ukaguzi, tena mkali.

Mwenye 504, Nakuru:

Breki zangu zikaguliwe kesho asubuhi, sina shida. Ila kijana, hiyo Probox ikifika miaka ishirini utasimama hapa nilipo. Kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane hakuruhusiwi, lakini la miaka saba likishaingia linazeekea hapa hapa, na ushuru unahakikisha hatulibadilishi haraka. Hili ni taifa la magari makuukuu. Fundi asiyejua gari kuukuu Kenya ni kama mvuvi wa Dunga asiyejua kuogelea.

Fundi mstaafu, Njoro:

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimetengeneza Peugeot tangu enzi za 404. Hizo nazo zilikuwa na miujiza yao. Difu (kifaa cha kuzungusha magurudumu ya nyuma) ya saluni ya 404 haina meno kama mlivyozoea, ina skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na ilitaka oili yake maalumu yenye asili ya mbarika. Kijana akimimina oili ya difu ya kawaida, dawa iliyomo inaila ile shaba pole pole. Gari linatembea mwaka mzima vizuri, kisha siku moja linalia kama fisi. Nani atalipishwa hapo, na fundi alishahamia Bungoma?

Nasikia watu wanataka mafundi wawe na leseni. Mimi cheti cha daraja nilikipata, nikapimwa, sikatai kina maana. Lakini aliyenifundisha slivu za 504 hakuwahi kukanyaga chumba cha mtihani, na nimeona wenye daraja la kwanza wakifanya alichofanya kijana wa mzee. Mtihani hauulizi habari za slivu za Peugeot. Kinachotakiwa ni fundi aweze kusema "sijui" na bado alale ameshiba. Huyu wa Kisumu amesema ukweli ambao sisi mafundi huwa tunausema gizani tu.

Kuhusu mzee: sikubaliani na hao wa ovaholi. Kwanza nijibu, ulitembea kilomita ngapi na oili ikiwa ya maziwa?

Mwenye 504, Nakuru:

Mjini hadi Lanet na kurudi, mara mbili. Nilipoona kijiti nikazima. Tangu hapo liko juu ya mawe nyumbani.

Fundi mstaafu, Njoro:

Basi huenda beringi zimepona. Usiliwashe, wala usimruhusu mtu kulizungusha. Mwaga oili yote ungali hujafungua kitu, maji yasilale kwenye krenki. Hedi itatoka, slivu zitachomolewa zote nne, zitawekwa gasketi mpya chini, kisha kila moja ipimwe imechomoza kiasi gani juu ya bloku, na zote zilingane. Hiyo ni kazi ya siku mbili, si ya elfu sitini. Gasketi za chini tafuta mapema, ndizo zitakazokusumbua.

Mwenye 504, Nakuru:

Mzee, waweza kuja kuliona?

Fundi mstaafu, Njoro:

Jumamosi saa tatu. Makadirio nitakuandikia kwa mkono. Kuja kuangalia ni 1,500, na utalipa hata nikikwambia sijui.