Naomba ushauri: nimeanza kukata tamaa na kila kitu hapa Lamu

MvuviAmu: Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 31, navua kama alivyovua marehemu baba. Bandari ilipochimbwa kule Kililana tulipoteza maeneo tuliyoyazoea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi tulipwe shilingi bilioni 1.76, tukashangilia. Mimi nimeenda ofisi moja mara nne kuulizia, kila siku naambiwa karatasi yangu haionekani.

Lakini kinachoniuma si pesa. Ni ulimi wangu. Juzi mtoto wa dada yangu, miaka 14, aliniambia anataka kusomea uhandisi wa meli. Nikacheka. Nikamwambia hapa hakuna anayefika popote. Akalifunga daftari lake, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nifanyeje?

BintiShela: Waaleikum salaam kaka. Kwanza kamtake radhi mtoto, leo hii, usingoje Ijumaa. Mengine yatafuata.

MzeeMkunguni: Mwanangu, nakujua ulipo kwa sababu nimekaa hapo. Ilipokuja habari ya mtambo wa makaa ya mawe Kwasasi, megawati 1,050, mimi ndiye niliyesema barazani, "Hii imekwisha, wakubwa washaamua." Leseni ikatoka 2016. Wenzangu hawakunisikiliza. Walikwenda vijijini, wakakusanya ushahidi, wakafungua kesi, wakapanda mabasi kwenda kuisikiliza. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kesi za mazingira likaifuta leseni ile, likasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu walikumbatiana, na mimi nikawakumbatia, lakini moyoni nilijua sikuchangia hata kikombe cha kahawa. Na sikunyamaza tu: kuna vijana walioniamini wakabaki nyumbani. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

KusiMalindi: Mzee, kwa heshima, tusimfanye aone hasira yake ni kosa. Ana haki ya kukasirika, kapoteza riziki. Ila bwana, kusi ikivuma huku kwetu hatusemi bahari imekufa. Tunapandisha dau, tunapiga kalafati, tunashona nyavu. Swali langu: hiyo ofisi unakwenda peke yako? Usiende tena hivyo. Tafuta wenzako wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, muende pamoja na nakala za karatasi, na mkiambiwa neno liandikeni, na tarehe. Halafu punguza lile baraza la baada ya isha. Mimi nililiacha miezi miwili, nikaona hata nyumbani nazungumza vingine.

BintiShela: Umeshaenda kwa mtoto?

MvuviAmu: Nimeenda dada. Hakunijibu kitu. Nikakaa kizingitini nikatoa jarife na sindano, nikaanza kuziba tundu. Baada ya muda akaja akashika upande wa pili, maana peke yangu lilikuwa halikazi. Hajaniambia neno kuhusu meli. Nikamwomba anionyeshe lile daftari, akasema kesho. Na Jumatatu tunakwenda ile ofisi watu sita.