MREJESHO: Nilivyodai salio la bima baada ya kuuza gari

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuwepo: nililipia bima kubwa ya mwaka mzima, 490,000 bila VAT, kisha mwezi wa nne wa bima nikauza gari. Nilipoomba kusitisha, wakala akanijibu kwa simu eti hela "imeshaliwa", hairudi hata shilingi.

Mlinishauri nisome mkataba wenyewe, si risiti. Nikaukuta kwenye barua pepe, kurasa kibao za maandishi ya sisimizi. Kipengele cha kusitisha kinasema kampuni ikivunja yenyewe, inarudisha kulingana na siku zilizobaki. Mteja akivunja, anakatwa kwa jedwali la muda mfupi, ambalo ni kali zaidi: miezi minne inakula nusu. Yaani ile hesabu yangu ya kudai theluthi mbili ilikuwa ya kujifurahisha tu.

Nikaachana na wakala, nikaenda tawini na barua, nakala ya mkataba wa mauziano na kitambulisho. Wakanipa 180,000, eti wamekata "gharama za ofisi". Nikawaomba wanionyeshe hiyo gharama kwenye mkataba. Kimya. Nikaandika barua ya pili, nakala kwa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nikataja na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Siku tisa baadaye ikaingia 65,000 iliyobaki.

VAT ya ile nusu bado tunavutana. Mhasibu wao anasema nirudi Jumatatu.