Hospitali ya jeshi iliyotelekezwa kule Beelitz, Ujerumani: unaingia hivihivi au mpaka tiketi?

Zabibu_Dom:
Wakuu habari za Jumapili. Mie nipo hapa Dom, Ipagala, mwezi ujao naenda kozi fupi Potsdam na nikipata wikiendi nataka kuzurura. Kuna jamaa kanirushia video za mahali panaitwa Beelitz-Heilstätten, majengo kibao msituni, korido ndefu rangi imebanduka yote, anasema ilikuwa hospitali ya jeshi la Warusi wakaiacha. Sasa mie magofu ndo ugonjwa wangu, boma la Mjerumani Kilimatinde nishalizunguka mpaka wenyeji wakaanza kunitilia shaka. Panaingilika pale? Au ukiruka ukuta wanakudaka unarudishwa hata cheti hujapata? Mwenye kujua atiririke.

fundi_wa_Kikuyu:
Nimesoma Berlin, pale nimefika. Kwanza haikuanza kama ya jeshi, ilianza kujengwa 1898 na mfuko wa bima ya wafanyakazi wa Berlin kwa ajili ya wagonjwa wa TB. Enzi hizo dawa hakuna, watu wamerundikana vyumba vya giza mjini wanaambukizana tu, tiba yenyewe ni kula vizuri na kulazwa varandani umefunikwa blanketi uvute hewa ya msituni. Ndo maana wakaipeleka kwenye misonobari huko mbali na moshi wa mji. Wenye TB upande mmoja wa reli, wagonjwa wengine upande wa pili, alafu wanaume na wanawake nao mbalimbali, hakuna kuchanganyikana. Majengo kama 60, wana mtambo wao wa umeme, wanaoka mikate yao, bucha, posta, yani mji kamili.

Jeshi lilikuja na vita. Vita ya kwanza wakalaza majeruhi, na Hitler akiwa askari wa kawaida alilazwa hapo 1916 baada ya kuumia paja kwenye mapigano ya Somme kule Ufaransa. 1945 Warusi wakachukua wakakaa mpaka katikati ya miaka ya 90, tena Honecker aliyekuwa mkubwa wa Ujerumani Mashariki alihifadhiwa humo kabla ya kupelekwa Moscow 1991.

Kuruka ukuta achana nako, sakafu zimeoza unakanyaga ghorofa ya pili unatokea ya kwanza. Toka 2015 kuna njia imejengwa juu ya miti, inaitwa Baum & Zeit, zaidi ya mita 20 kutoka chini, inapita juu ya jengo la Alpenhaus lililoungua mwisho wa vita na siku hizi miti imeota juu ya dari lake, hapo utakaa hata saa nzima. Kuingia ndani kuna ziara za kulipia na mtu wa kuwaongoza. Na usidhani pote ni gofu, mengine yamekarabatiwa watu wanaishi.

Mkulima wa Alizeti:
Mtu unapanda ndege kwenda kuangalia hospitali mbovu 😂 ukirudi pitia hospitali ya akili Mirembe wakucheki

Binti_Mpwapwa:
@Mkulima mwache kaka wa watu. Ila kaka kabla hujaenda huko, Kongwa umefika? Unashuka Mbande pale unapata gari. Mwingereza alikuja 1947 na mpango wake wa karanga, matrekta yakafia kwenye visiki na udongo mgumu, mvua nayo si unaijua ya huku, kufika 1951 wakafunga wameshazamisha kama pauni milioni 36. Alafu kuanzia 1964 ndo ikawa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, Samora Machel kakaa hapo. Makaburi ya wenzao yapo mpaka leo na mie naona hayo yana uzito kuliko korido za Mzungu. Ila anzia ofisi ya kijiji ujitambulishe, eneo lililowahi kuwa la jeshi usichomoe tu simu ukaanza kupiga picha, kwetu hapa utaulizwa maswali mpaka usiku.

Zabibu_Dom:
Dada Kongwa huwa naipita tu naiangalia kwa dirisha la basi, Jumamosi hii naenda. Fundi asante sana, vipi usafiri, mpaka nikodi teksi?

fundi_wa_Kikuyu:
Teksi ya nini, itakumaliza hela. Ukiwa Berlin panda treni ya RE7, kuna stesheni inaitwa Beelitz-Heilstätten kabisa, ukishuka ni mwendo wa miguu. Beba koti la maana, juu ya ile njia upepo haukuulizi umetoka Dodoma.